HABARI ZA WADI YETU: USAFI WA SOKO, MAGARI YA ABIRIA, NA KUVUKA MITO

(Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Nuu)



Nimeagizwa na Kamati niwasomee habari za wadi yetu katika mambo matatu, yaani usafi, magari ya abiria, na usalama wa barabarani. Naomba ruhusa yenu nisiyapime yote kwa kibaba kimoja. La usafi nitalisema kwa kadiri yake, la magari kwa ufupi, lakini hili la kuvuka mito nitakaa nalo, kwa kuwa ndilo lililotutoa machozi, na kwa kuwa Kamati ina ombi kwenu ambalo pengine si wote watakaolipenda.

Mtu asimamaye sokoni jioni, wachuuzi wakisha kufunga mizigo yao, ataona maganda, makaratasi, chupa za plastiki, na zile nepi za watoto za kutupwa ambazo mama zetu hawakuzijua. Maganda si neno. Mbuzi huyamaliza kabla ya kupambazuka. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Serikali iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na kila mwenye macho aweza kushuhudia kwamba miti ya miiba haivai tena nguo za rangi rangi kama zamani. Lakini chupa na nepi zingaliko. Mvua ya kwanza inyeshapo huzikokota hadi korongoni, korongo likazitia mtoni, na mto ukazizika mchangani.

Wazee wanajua, na vijana yafaa wakumbushwe, kwamba mchanga huo ndio tangi letu. Mto ukikauka juu, chini maji yangalipo, nasi katika miezi ya kiangazi twachimba visima mchangani na kuteka kwa kata mpaka mtungi ujae. Basi anayetupa nepi korongoni mwezi wa Novemba huenda akainywa mwezi wa Agosti. Niliyasema haya katika baraza moja nikachekwa, na aliyecheka kuliko wote alikuwa amewafunga punda wake wanne nje, kila mmoja na mitungi ya maji hayo hayo.

Katika mwaka huu akina mama na vijana walifagia soko kwa mwethya mara kadhaa. Kamati yawashukuru. Yasikitisha kusema kwamba baadhi ya wenye maduka walituma majembe, wao wenyewe wakabaki nyuma ya kaunta wakitutazama. Yapasa pia nikiri kosa letu sisi wa Kamati: shimo la taka tulilochimba tulilichimba mahali pabaya, juu ya korongo, na mvua ilipokuja ilijaza shimo na kuyamwaga yote tuliyokusanya. Kazi ya siku nzima ilikwenda mtoni kwa usiku mmoja. Shimo jipya litachimbwa upande wa chini, penye udongo mgumu, mbali na njia ya maji. Tena nawaomba tusichome plastiki karibu na nyumba, maana moshi wake una sumu, na mtoto mchanga ndiye auvutaye kwanza.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya Kaunti. Ni kweli, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, yasema wazi kwamba kuondoa takataka ni wajibu wa serikali za kaunti, nasi hatutaacha kuandika barua. Lakini hata kama gari la taka lingefika kila juma, dereva wake hatashuka korongoni kuokota chupa niliyoitupa mimi.

Habari za magari ya abiria ni fupi. Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2004, wakati Waziri John Michuki alipoamuru kila matatu iwe na mikanda ya viti na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Watu walitembea kwa miguu siku zile, lakini walikaa vitini kama wanadamu. Leo, katika njia zetu za ndani, abiria wengi hawachukuliwi na matatu bali na pikipiki. Sitaki kuwalaumu vijana hawa bila kuwashukuru. Mama ashikwapo na uchungu usiku wa manane, mara nyingi ni pikipiki itakayomfikisha hospitali. Hata hivyo sheria yataka abiria mmoja tu, na kofia ngumu kwa wote wawili, nasi twaona mishikaki ya watu watatu na mtoto juu ya tangi la petroli. Mwenye kumpandisha mtoto wake hivyo ni mzazi, si dereva peke yake.

Sasa nafika mtoni.

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021, basi la shule lilitoka Mwingi likija huku kwetu Nuu, likiwa limewachukua wanakwaya wa kanisa pamoja na jamaa zao, wakubwa kwa watoto. Walikuwa wakija arusini. Walipofika mto Enziu waliukuta umejaa, maji yakipita juu ya kivuko cha saruji. Basi likaingia. Halikufika ng'ambo. Lilisukumwa upande, likalala, likazama mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni wakipiga yowe. Wako waliookolewa kwa mikono ya wanakijiji walioingia majini bila kujifikiria nafsi zao, na jambo hilo lisisahauliwe. Lakini waliokufa walizidi 30, na wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji waliletwa kuitafuta miili.

Sijaja kumhukumu mtu. Nataka tufikiri jinsi jambo hili linavyotokea, kwa kuwa mito yetu yote ni ya namna moja, na watu wamesombwa katika vivuko ambavyo magazeti hayavijui hata jina.

Mto wetu ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Asubuhi mtu avuka viatu vyake vikiwa vikavu. Mchana mvua yanyesha mbali, milimani, ambako yeye haioni wala haisikii. Jioni maji yafika yakiwa na magogo na matope. Kwa hiyo mbingu nyeupe juu ya kivuko si ushahidi wa kitu. Tena maji hayo ni mekundu, hayaonyeshi chini. Dereva adhani aujua upana wa kivuko kwa kuwa alikipita juma lililopita, naye hajui kwamba mafuriko yaliyotangulia yamekwisha kula ukingo wa upande wa chini na kuacha shimo.

Tena iko habari ya uzito. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Wajuzi wa mambo haya wasema maji yaendayo kasi yakifika kina cha futi moja yaweza kuieleza motakaa ndogo, na yakifika futi mbili yaweza kuchukua magari mengi, hata yale makubwa. Sisi huwaza kwamba gari likiwa refu na zito ndilo lenye usalama zaidi. Sivyo. Ubavu wa basi ni ukuta mpana ambao mto huusukuma wote kwa pamoja, na sehemu ya chini ikisha kuzingirwa na maji, ule uzito tulioutegemea hupungua.

Angalieni pia kalenda. Mvua zetu za kutegemewa ni zile za Oktoba hadi Desemba. Na Desemba ndio mwezi wa shule kufungwa, wa watoto wetu kurudi kutoka Nairobi na Mombasa, wa arusi, wa ntheo, na wa kukumbuka marehemu. Yaani twawaita wageni wengi kuliko wakati wowote wa mwaka, katika majuma yale yale ambayo mito imejaa.

Hapa, wazee wangu, naomba mnivumilie nikisema jambo la nafsi yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya gari la abiria likielekea mazishini. Tulikuta kijito kimejaa, si mto mkubwa, kijito tu. Dereva alizima injini akasema hatavuka. Alikuwa kijana, na sisi ndani tulikuwa watu wazima wenye tai na makoti. Tulimkemea. Mmoja alimwuliza kama leseni aliinunua dukani. Mimi, niliyesoma shule ya misheni na kufundishwa kupima maji kwa vipimo, nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, nikamwambia kwamba marehemu hawezi kutungoja. Lori moja likapita, likavuka salama, na utingo wake akatucheka. Yule kijana hakujibu neno. Alikaa juu ya jiwe akiwa ameshika ufunguo mkononi mpaka maji yaliposhuka, saa kumi hivi. Tulifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa.

Hakuna aliyekufa siku ile, na kwa sababu hiyo sikulifikiria tena mpaka Desemba ya 2021. Tangu hapo nalifikiria mara nyingi. Je, yule kijana angalikuwa na haya kidogo zaidi mbele ya wakubwa wake? Mimi ningalikuwa nimemsukuma kwa maneno yangu.

Kwa hiyo Kamati, baada ya kushauriana, yawaletea maombi haya. La kwanza ni kwenu wazee, maana ndio mnaoketi mbele katika arusi, katika ntheo na katika mazishi. Twaomba iwe kanuni ya Chama kwamba mwenye shughuli, siku ya shughuli, atamweka mtu katika kila kivuko kilicho njiani, naye mtu huyo atapiga simu kabla wageni hawajaondoka kwao. Akisema maji yanapita juu ya saruji, shughuli ingoje. Ikibidi ilale, ilale. Mbuzi watafungwa tena, chakula kitaliwa na waliokwisha kufika, na mgeni asihesabiwe kuwa amedharau. Najua ni neno gumu. Najua mzee mmoja alisema katika kikao kwamba babu zetu hawakuahirisha mazishi kwa ajili ya mvua. Kamati ilimjibu kwa heshima kwamba babu zetu walikuja kwa miguu, na mwenda kwa miguu huketi ukingoni akangoja. Hakuna aliyemlipa nauli wala aliyemwuliza leseni.

Ombi la pili ni la fedha na mikono. Twataka kusimamisha nguzo mbili katika kila kivuko kidogo, moja kila upande, zikiwa na alama nyeupe kwenye futi moja na nyekundu kwenye futi mbili, zihesabiwe kutoka juu ya saruji, ili hata asiyejua kusoma aone. Na kamba ndefu iwekwe katika nyumba iliyo karibu zaidi. Daraja ni kazi ya Serikali, nasi hatutanyamaza kuliomba kila palipo na haja. Lakini vivuko ni vingi, na nguzo haingoji bajeti ya mtu.

La tatu laweza kunipotezea marafiki. Mchanga usichimbwe karibu na kivuko, juu wala chini. Mchanga ukiondolewa, maji hupata nafasi ya kuchimba chini ya saruji, na kivuko hubaki kikining'inia kama kitanda kilichovunjika mguu. Wachukuao mchanga huo si wageni wote. Wengine ni wanachama, na wengine wamo humu ndani wakinisikiliza. Kamati haikuandika majina, na mimi sitayasema. Ila fundi aliyekwenda kupima mahali pa nguzo amesema kwamba katika kivuko kimoja hakupata mchanga wa kutosha kuishika nguzo, na itabidi kwanza pajazwe mawe.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyoagizwa. Gharama ya nguzo, rangi na kamba imo katika ukurasa wa hesabu, na Mtunza Hazina yuko tayari kujibu maswali. Mkutano ukikubali, mwethya wa kwanza wa mawe utakuwa Jumamosi baada ya soko lijalo, na wenye punda waombwa kuja nao.