Lugha ya Kanuni katika Pwani ya Bagamoyo

Maneno forodha na ushuru yana asili ya Kiarabu, lakini leo mkazi wa Bagamoyo hahitaji mfasiri ili kuyaelewa. Sivyo ilivyo kwa kanuni za kisasa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zilitungwa kwa Kiingereza, ilhali hutekelezwa ufukweni kwa Kiswahili. Mwenye juya la kokoro asiyejua Kiingereza hutozwa faini kwa kauli ya ofisa, asiweze kuilinganisha na maandishi. Hapo tafsiri ya ofisa ndiyo inayokuwa sheria.

Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Wajibu wa wanaisimu ni kuchota istilahi kwa wavuvi wenyewe, ili kanuni ieleweke kabla ya kuadhibu.