Nyavu za Kupimia Afya ya Bwawa

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Newala)



Nimetakiwa niseme juu ya samaki wa mabwawani, nami natambua kuwa sisi wa uwanda wa Makonde hata maji ya kunywa twayapandisha kutoka bondeni. Lakini siku chama kitakapoombwa kitie fedha za korosho katika bwawa, hapana budi tujue kwanza jinsi bwawa linavyopimwa.

Karani wa ghala hapimi korosho kwa gunia la juu peke yake. Huchota katika magunia mengi, akazipasua, akahesabu mbovu. Bwawa nalo ni ghala, ila mlango wake haufunguki. Tunachokijua ni kile tu ambacho chombo chetu kimekubali kukileta.

Chukueni jarife. Tundu lake humnasa samaki wa kimo chake: mdogo hupenya, mkubwa mno hugonga akarudi. Mwenye matundu makubwa atasema bwawa halina vifaranga. Mwenye madogo atasema perege wamedumaa. Wote wawili wamesema kweli juu ya nyavu zao, si juu ya bwawa. Ndiyo sababu wataalamu wa Ulaya ya kaskazini hutumia jarife moja lenye vipande 12, matundu yake kuanzia milimita 5 hadi 55. Kambale, akaaye chini topeni, atafutwe pia kwa migono na ndoana. Kokoro huleta wengi, lakini husomba hata viota vya perege, na penye visiki huchanika. Mimi nisingelikubali hata kwa kupimia.

Neno hili si dogo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika mto Pangani, lilijengwa miaka ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilitoa samaki wengi ajabu, kisha mavuno yakaporomoka, na mwaka 2016 uvuvi ukasimamishwa ili samaki wazaliane. Mara nyingi samaki wanapopungua, wavuvi hupunguza tundu la wavu. Kilo huonekana zile zile kwa muda, kumbe wanaovuliwa ni watoto. Daftari la uzito halifichui jambo hilo. Urefu wa kila samaki hulifichua.

Basi mtaalamu atakayeletwa mbele ya kamati aulizwe: nyavu zake ni za matundu gani, zitalala majini usiku kucha au saa chache, zitategwa ukingoni na kilindini pia, na je, mwakani atarudi mwezi ule ule na nyavu zile zile? Asipokuwa na jibu, hundi isitiwe saini.