Kumtetea Shuleni Mtoto Asiyetulia
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa nafasi tuseme juu ya jambo lililotushughulisha mwaka huu kuliko ada na mazishi, nalo ni watoto wanaofukuzwa shuleni kwa mwenendo wao, hali mwenendo huo una asili yake katika ulemavu.

Mji wetu wa Thika si mgeni wa ulemavu. Shule ya vipofu ya Jeshi la Wokovu imekuwapo tangu mwaka 1946, na Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, tangu 1962. Apitapo mtu na fimbo nyeupe, hata utingo wa matatu humpisha. Lakini mtoto ambaye ulemavu wake hauonekani ila kwa vitendo, asiyeweza kukaa kitini, anayejibu kabla ya kuulizwa, anayerusha daftari akikemewa, huyo hapishwi na mtu. Huambiwa hana adabu, na mama yake huambiwa hakumlea. Madaktari wanatufundisha kwamba hali hii aghalabu yatoka katika ukuaji wa ubongo, na mara nyingi hufuata ukoo. Kiboko hakiiondoi.

Mapema mwaka huu mama mmoja wa Ruiru alitujia. Mwanawe wa miaka 9 alikuwa ameambiwa asirudi shuleni mpaka atafutiwe "mahali pa watu kama yeye". Ilikuwa shule yake ya tatu. Mama huuza mboga, na asipouza hawali. Basi alikuwa akimfungia mtoto nyumbani kwa kufuli toka asubuhi hata jioni. Twaomba wazee walifikiri neno hilo la kufuli.

Tulikwenda naye watu watatu, wala hatukwenda kugombana. Darasa lile lina watoto zaidi ya 60 na mwalimu mmoja, na tungekuwa wadhalimu kama tusingalilikiri hilo mbele ya mwalimu mkuu. Tulimwomba kitu kimoja tu: auandike uamuzi wake katika barua, pamoja na sababu. Hakuandika. Ndipo tukamsomea Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, kinachompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na cha 54, juu ya haki ya mwenye ulemavu kupata elimu katika shule zilizomo ndani ya jamii. Tukamkumbusha pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliharamisha kumpiga mwanafunzi, kwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi 6. Maana mtoto alikuwa na alama miguuni. Mwisho tukaomba apelekwe kupimwa katika kituo cha serikali cha upimaji wa elimu. Huduma hiyo imekuwapo nchini tangu 1984, na wazazi wengi wetu hawajapata kuisikia.

Lakini kilichofungua mlango si sheria, bali daftari la mama. Tangu muhula uliotangulia aliandika siku na saa ya kila alipoitwa shuleni. Karibu mara zote ilikuwa yapata saa tano na nusu, wakati wa njaa na makelele. Mwalimu wa darasa aliposoma hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema mwenyewe: aketi mbele, mbali na mlango, apewe kazi vipande vifupi, na ikifika saa tano atumwe kufuta ubao au kupeleka rejista.

Mtoto alirudi. Hakupona, na wala hatukuahidi kwamba angepona. Mwezi wa sita alimuuma mwenziwe, tukaitwa tena, tukaenda.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii na atuarifu kabla hajaitwa, wala asende peke yake. Nauli ya matatu kati ya Thika na Ruiru hutoka katika sanduku la chama, ijapokuwa Mweka Hazina hunung'unika. Majina matano yamo mezani kwa Katibu, matatu ya Thika na mawili ya Ruiru, na twahitaji watu wa kwenda nao kabla shule hazijafungwa.