Kazi Ipo, Ujira Haupo: Kuishi na Ukosefu wa Ajira Bugendana

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa vilima, vikundi vya akiba na vijana wa tarafa



Nianze na tarakimu moja inayonikera. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, ambayo Benki ya Dunia huyachapisha, yanasema watu wasio na kazi Burundi ni karibu asilimia 1 tu ya nguvukazi. Kwa Afrika Kusini makadirio hayo hayo yanapita asilimia 30. Anayezisoma tarakimu hizi akiwa mbali ataamini kwamba kijana wa tarafa yetu ya Bugendana ana nafuu kuliko kijana wa Johannesburg.

Tatizo ni namna ya kuhesabu. Mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa 1 katika wiki ya uchunguzi huandikwa kwamba ana kazi. Ili uandikwe huna kazi, lazima uwe hukufanya chochote cha namna hiyo, uwe tayari kuanza, na uwe unatafuta. Sasa nani Bugendana anaweza kukaa wiki nzima bila kushika jembe, bila kubeba tofali, bila kuuza fungu la ndizi? Atakula nini? Na kutafuta kazi kwenyewe kuna gharama: nauli ya kwenda Gitega, picha za pasipoti, nakala za vyeti, chakula cha mchana. Aliyeishiwa nauli akaacha kutafuta anatoka kwenye hesabu kimyakimya. Kwa hiyo naomba leo tuiweke kando tarakimu hiyo tuulize swali letu wenyewe: je, anayefanya kazi kutwa hapa kwetu anapata ujira wa kumwezesha kuishi? Jibu ni hapana, na huo ndio ukosefu wa ajira tulio nao.

Sehemu kubwa ya Warundi, zaidi ya asilimia 80, wanategemea kilimo. Kaya nyingi zina nusu hekta au pungufu. Itongo, yaani shamba la ukoo, lililolisha familia ya babu linagawiwa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kila mmoja anabaki na mistari michache ya maharage, muhogo na migomba. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8. Ile ya 2024 imepata zaidi ya milioni 12, na ardhi ni ile ile ya kilomita za mraba 27,834, ziwa likiwemo. Binti hali yake ni ngumu zaidi. Mpaka leo hatuna sheria ya mirathi inayompa haki sawa na kaka yake, na mila humwachia kipande cha kutumia tu, ambacho ndugu wanaweza kukirudisha. Tunaposema vijana hawana mtaji, tukumbuke kwamba nusu yao wamenyimwa hata ule mtaji wa kwanza, ardhi.

Kwenye shamba la ukubwa huo, watu watano wanafanya kazi ambayo wawili wangeimaliza. Hakuna mvivu hapo, ila mavuno hayaongezeki kwa kuongeza mikono. Ndiyo maana asubuhi mnawaona vijana wakienda kulima kibarua kwa jirani, wengine wakishuka bondeni kufyatua matofali, wengine wakisukuma baiskeli zilizojaa mikungu ya ndizi au magunia ya makaa kuelekea Gitega. Jioni wanarudi na pesa ya unga na chumvi. Kesho yake wanaanza upya.

Hali hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo ilitokea hapa. Tarehe 20 Julai 1996 wakimbizi wa ndani zaidi ya 300, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa hapa Bugendana. Siku tatu baadaye Rais Sylvestre Ntibantunganya alipokuja mazikoni alirushiwa mawe. Tarehe 25 Julai jeshi lilimrudisha Pierre Buyoya madarakani, na tarehe 31 viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakatuwekea vikwazo vya biashara. Vilidumu mpaka Januari 1999. Wenye umri wangu wanakumbuka mafuta ya magendo, mbolea iliyoadimika, kahawa iliyokosa njia ya kutokea. Naligusa jambo hili kwa uchungu, maana miongoni mwetu wamo waliofiwa. Lakini siwezi kuzungumzia umaskini wa tarafa hii nikaruka mwaka ambao watu waliokuwa tayari wanaishi mbali na mashamba yao waliuawa, na nchi nzima ikafungiwa milango.

Tulipoanza kusimama, ikaja 2015. Mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza uliwakimbiza mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakaenda Tanzania, na Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali. Zuio hilo liliondolewa Februari 2022. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola moja ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800, na katika soko la mitaani ikaendelea kupanda mbali zaidi ya hapo. Mwaka huo bei za bidhaa zilipanda kwa karibu asilimia 27. Mshahara wa mwalimu, muuguzi na mlinzi haukupanda kwa kasi hiyo.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la mafuta, kwa sababu hapa ndipo uhaba wa dola unapoingia jikoni kwetu. Nchi inauza nje kahawa, chai na madini, na hizo ndizo dola zake. Kahawa iliyowahi kuleta neema imepungua sana ukilinganisha na miaka ya themanini na tisini. Dola zikipungua, waagizaji wanashindwa kulipia esansi na mazuti, yaani petroli na dizeli. Tangu karibu 2021 foleni za vituo vya mafuta zimekuwa sehemu ya maisha yetu. Sasa fuateni mnyororo. Lori lililokuwa likija kuchukua ndizi na nyanya Bugendana haliji, au linakuja na nauli mara mbili. Mchuuzi anamshushia bei mkulima ili afidie nauli hiyo. Mkulima akipata kidogo hamwiti kibarua wa kupalilia. Anapalilia na watoto, tena siku za shule. Yule kibarua hanunui sabuni kwenye duka la kilimani. Mwenye duka anamwachisha msaidizi wake. Mashine ya kusaga inayotumia mazuti inasimama siku tatu, na aliyekuwa akiiendesha anakaa barazani. Hakuna hata mmoja kati ya hawa atakayeandikwa kwamba amefukuzwa kazi, maana hakuwa na mkataba. Lakini kilima kizima kimepoteza ajira kwa sababu ya tenki moja lililokosa kujaa.

Madereva wa pikipiki waliionja mapema hali hii ya kupoteza kipato, ingawa chanzo kilikuwa kingine. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura. Vijana wengi waliokuwa wakiendesha vyombo hivyo walikuwa wametoka mikoani, na pesa waliyokuwa wakituma nyumbani kwa simu ikakatika.

Nigeukie waliosoma, kwa sababu maumivu yao yana sura nyingine. Mwaka 2005 serikali ilifuta ada ya shule ya msingi. Ulikuwa uamuzi mwema, nautetea popote. Madarasa yalijaa, watoto wa maskini wakashika kalamu. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule leo wanakaribia miaka 30. Wazazi waliuza mbuzi, wengine waliuza kipande cha itongo, ili mtoto afike sekondari na chuo. Wakati huo nafasi za ualimu na uuguzi, ambazo ndizo mlango mkuu wa mshahara huku vijijini, hazikuongezeka kwa kasi ile. Sasa kijana mwenye stashahada amerudi nyumbani. Ardhi iliyouzwa kwa ajili ya masomo yake ndiyo ambayo angelima. Majirani wanamtazama, na baba hasemi kitu. Nimewasikia vijana wa aina hii wakisema kwamba linalowachosha zaidi ni kuulizwa kila Jumapili baada ya ibada kama wamepata kitu.

Kwao wimbo wa siku hizi ni kujiajiri. Serikali ilianzisha Benki ya Uwekezaji kwa Vijana, BIJE, mwaka 2020, na mpango wa PAEEJ wa kuwawezesha vijana kiuchumi mwaka 2021. Kabla ya hapo kila kilima kilihimizwa kuunda ushirika wa Sangwe, na vyama hivyo vikapewa faranga milioni 10 kila kimoja. Sipingi hata kimoja. Nasema tu kwamba mkopo hauleti mnunuzi. Vijana kumi wakifuga kuku kwenye kilima ambacho hakuna mwenye pesa ya kununua yai, wamekopeshwa hasara. Kujiajiri kunahitaji soko lenye pesa mkononi, barabara inayopitika, mafuta, umeme na mbegu inayofika kabla ya mvua. Kumwambia kijana aliyekosa vyote hivyo kwamba hana ubunifu ni kumwonea.

Wengi wameamua kuondoka. Njia ya zamani ni ya mashariki: uliokuwa mkoa wa Muyinga, mpaka wa Kobero, kisha Kabanga wilayani Ngara, Tanzania. Wengine huvukia kusini kwenda kulima Kigoma, miezi ya msimu, mara nyingi bila karatasi, na huko wapo wanaokamatwa na kurudishwa bila ujira wa jasho lao. Oktoba 2021 Burundi na Saudi Arabia zilitiliana saini makubaliano ya wafanyakazi wa nyumbani, na mabinti wakaanza kupanda ndege. Wenye uwezo kidogo waliuza mali wakaenda Serbia, ambako Mrundi hakuhitaji viza mpaka Oktoba 2022, wakitafuta njia ya kufika Ubelgiji. Simlaumu aliyeondoka. Ila familia iliyouza shamba ili mmoja asafiri imeweka maisha ya wote kwenye tiketi moja, na naomba wazee mliseme hilo nyumbani kabla ya kutia sahihi.

Nini basi kimeonekana kusaidia? Nitataja viwili ninavyovijua. Mradi wa Merankabandi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulizipa kaya maskini kabisa katika Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi fedha taslimu kwa kipindi maalumu, zikipokelewa na akina mama kwa simu. Kasoro yake kubwa ni kwamba kiasi kilipangwa kabla ya bei kupanda, kikaliwa na mfumuko. Wa pili ni ule wa kurejesha rutuba ya ardhi, PRRPB, ulioanza 2018 huko Isare na huko Buhinyuza mkoani Muyinga. Wananchi walilipwa kuchimba matuta na kupanda miti kwenye vilima vyao wenyewe. Hapa ndipo ninapopata matumaini yangu. Ujira ulibaki kilimani, na udongo uliokuwa ukienda mtoni nao ukabaki kilimani. Mwenye kujenga tuta ananunua chumvi dukani leo, na shamba lake linazaa zaidi mwakani.

Sasa tuhesabu kwa ajili yetu. Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikiipa kila tarafa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa miradi ya maendeleo. Sehemu kubwa ya fedha za namna hii huenda kwenye saruji, mabati na wakandarasi wa mjini. Tuchukue nusu ya kiasi hicho, milioni 250, tumlipe kibarua faranga 5,000 kwa siku: tunapata siku za kazi 50,000. Ni watu 1,000 wakifanya kazi siku 50, katika miezi ile migumu kabla ya mavuno, wakichimba matuta, wakizibua mifereji na kutengeneza njia za kushusha mazao hadi barabara ya lami ya Gitega na Ngozi. Najua ujira huo wa kibarua hautoshi, na mwakani thamani yake itapungua zaidi. Kwa hiyo upangwe upya kila msimu kulingana na bei ya maharage sokoni.

Mabadiliko ya mipaka ya utawala ya 2025 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Bugendana imebaki tarafa ya mkoa mpya na mkubwa wa Gitega, wakati Muyinga imeingia Buhumuza. Maana yake ni kwamba baraza letu linapanga kwa ajili ya watu wengi zaidi, na ofisi ipo mbali zaidi na baadhi ya vilima. Kauli ya mwenye shida ni rahisi kupotea njiani.

Kwa hiyo nawaomba, kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, kila mkuu wa kilima alete orodha mbili. Ya kwanza iwe ya kazi zinazoweza kufanywa kwa jembe na koleo. Ya pili iwe ya watu wanaohitaji ujira, wanawake wasiwe chini ya nusu, na waliosoma wapewe usimamizi, upimaji na uandishi wa daftari za malipo. Orodha hizo zisomwe hadharani kilimani. Malipo yatolewe kila wiki, wala yasisubiri mwisho wa mradi, kwa sababu mtu mwenye njaa akicheleweshewa ujira huenda kukopa kwa riba na ujira wote unaishia kwa mkopeshaji. Akina mama wa vikundi vya akiba tayari wanajua kutunza daftari ambalo kila mwanachama analiamini. Wao ndio wakabidhiwe ukaguzi.