Ezra Hakusimama Peke Yake

Mazungumzo ya redio. Somo: Nehemia 8:1–12

Tunawasalimu ninyi mnaokaa katika nyumba za laini za mashamba makubwa ya Kericho, nanyi wenye vishamba vyenu wenyewe huko Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros. Tunajua baadhi yenu mmekwisha kujitwika vikapu, na wengine mngali mkingoja chai ichemke. Tunawaomba dakika chache tu, tulitazame Neno la Mungu pamoja kabla ya kazi za kutwa.

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane, tunawaona Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni wamekusanyika Yerusalemu, katika uwanja ulio mbele ya Lango la Maji. Wao wenyewe ndio waliomwomba Ezra alete kitabu cha torati; hakuna aliyewalazimisha. Wakaja wanaume, wakaja wanawake, wakaja na wote wenye umri wa kuelewa wanachosikia. Ezra akawasomea tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, nao wakasikiliza.

Lakini iko habari nyingine katika sura hiyo, ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma kanisani, kwa kuwa ni majina matupu, na majina yenyewe ni magumu kutamka. Kando ya Ezra walisimama watu kumi na watatu, sita upande wa kuume na saba upande wa kushoto. Kisha yakatajwa majina mengine kumi na matatu, na Walawi, waliokuwa wakiwafafanulia watu maana ya yale yaliyosomwa. Ezra alikuwa mwandishi hodari, mwenye elimu kuliko wote waliokuwapo. Hata hivyo hakusimama peke yake. Kazi ya kuwafikisha watu wa Mungu kwenye kitabu haikuwekwa juu ya mabega ya mtu mmoja.

Ndugu zetu, tuna sababu ya kulitaja jambo hili leo, na sababu yenyewe yatuaibisha kidogo. Katika ushirika mmoja wa milima hii ya chai tulikuwa na mama mmoja mwenye bidii sana. Hakukosa ibada, na nyimbo alizijua zote kwa moyo. Jumapili moja, msomaji wa zamu hakufika, nasi tukamwita mama yule mbele ya watu wote aje asome somo la Agano la Kale. Akasimama, akapapasa mfuko wake, akasema amesahau miwani nyumbani. Mtu mwingine akasoma, ibada ikaendelea. Lakini Jumapili iliyofuata mama hakuja. Wala iliyofuata. Miezi miwili ikapita, nasi tukaanza kusema kwamba amepoa katika imani.

Hatimaye tulikwenda kumtembelea. Tulimkuta anachambua mboga mlangoni, na mwanawe wa Gredi ya Tatu ameketi kando na kitabu cha Kiswahili. Baada ya salamu na chai, alituambia maneno ambayo hatujayasahau: “Mchungaji, siku ile sikusahau miwani. Sijapata kuwa na miwani.” Kisha akaeleza kwamba shuleni walimtaka mzazi amsaidie mtoto kusoma nyumbani, na aweke sahihi kwamba amemsikiliza. Mtoto, kwa kumwonea mama yake huruma, alikuwa amemwambia mwalimu kwamba mama amesafiri. Basi mama alikuwa akilikwepa kanisa, na mtoto alikuwa akimdanganya mwalimu, na wote wawili kwa sababu ya aibu moja. Na aibu ile, sisi tulikuwa tumeiongeza.

Tulimwomba msamaha, naye akatusamehe. Lakini tuliporudi tulijiuliza: Je, ni wangapi katika viti vyetu wanaosahau miwani kila Jumapili?

Si wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima mia moja, zaidi kidogo ya 61 ndio waliojua kusoma na kuandika kwa kadiri ya kutosha. Waliobaki walikadiriwa kuwa milioni 7.8. Hao si watu wajinga. Ni watu waliochunga ng’ombe wakati wenzao wakienda shule, ni mabinti walioambiwa kwamba karo ni ya kaka zao, ni vijana walioanza kuchuma majani kabla mikono yao haijawa mikubwa. Wamejenga nyumba, wamelea watoto, wamelilipia kanisa mabati. Lakini karatasi ya mzani inapotolewa katika kituo cha kununulia majani, inawabidi kumwuliza jirani ni kilo ngapi zimeandikwa. Na pesa zinapoingia katika simu, wengine humpa mtu mwingine namba yao ya siri ili awasomee. Mtu anayelazimika kutoa siri yake kila mara hupata hasara, na hata asipoibiwa pesa, amekwisha kupoteza heshima yake kidogo kidogo.

Sasa tuutazame upande wa mtoto. Tangu mwaka 2019 mtaala mpya wa shule zetu umewataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao. Hilo ni jema. Lakini mzazi asiyejua kusoma hulisikia kama hukumu. Husema, “Mimi nitamsaidia nini?” Kisha huliacha jambo lote kwa mwalimu.

Ndugu mzazi, tusikilize vizuri hapa. Unacho cha kutoa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya sita, Mungu alipotaka maneno yake yakae mioyoni mwa watoto, aliwaagiza wazazi wayazungumze nao: waketipo nyumbani, wanapokuwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Naye Timotheo, aliyejua Maandiko tangu utoto, Paulo hakumkumbusha habari za chuo kikubwa. Alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Darasa la kwanza la Timotheo lilikuwa nyumba.

Basi mzazi asiyesoma aweza kufanya mambo matatu. Aweza kuketi, maana mtoto asikilizwaye husoma kwa furaha, na asiyesikilizwa huchoka upesi. Aweza kuuliza: “Huyu sungura alikwenda wapi? Kwa nini alidanganya? Wewe ungefanya nini?” Maswali hayo hayahitaji herufi hata moja. Tena aweza kusimulia. Mtoto akimaliza hadithi yake ya Kiswahili, kogo naye asimulie ya kwake kwa Kikipsigis, au kwa Kikisii, au kwa Kiluo, kwa kadiri ya nyumba ilivyo. Mtoto ajifunzaye kwamba hadithi zina mwanzo na mwisho, na kwamba maneno yana uzito, amekwisha kupata nusu ya kusoma.

Na mambo haya yamejaribiwa. Wenzetu wa Uganda, katika wilaya ya Bugiri, walianza mwaka 2000 mpango wa elimu ya jamaa uliosimamiwa na shirika la LABE. Wazazi walijifunza kusoma na kuhesabu, wakaelezwa mambo yanayofundishwa watoto wao shuleni, kisha wakaketi pamoja na watoto hao katika somo moja. Mwaka huo huo Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu la Anglikana ulianza kazi ya kufundisha watu wazima kusoma katika Burundi, Malawi na Sudan, wakitumia viongozi wa vikundi waliotoka katika vijiji vyenyewe. Katika kazi hizo zote hakuna aliyesimama peke yake. Shule ilihitaji wazazi, na kanisa lilihitaji walimu.

Tena kwetu sisi Wakristo wa Afrika Mashariki hili si jambo geni. Huko Buganda, ambako wajumbe wa kwanza wa CMS walifika mwaka 1877, waliokuja kujifunza dini waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Wakikuyu nao waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, neno lenye maana hiyo hiyo. Watu hawakutenganisha kusoma na kuamini. Na Wakalenjin walipata Biblia nzima katika Kinandi mwaka 1939, kwa jasho la wamisionari na la wenyeji waliotafsiri pamoja nao. Je, wale walichoka kwa ajili ya kitabu kifungiwe kabatini?

Na hapo ndipo tunapojihukumu sisi wachungaji kwanza. Katika vestri nyingi yako makabati yenye Biblia na vitabu vya nyimbo, na ufunguo yuko nao mzee mmoja ambaye siku za juma haonekani. Liko jengo la kanisa lenye viti na paa zuri, nalo hukaa tupu tangu Jumatatu hata Jumamosi. Karibu nalo iko shule yenye vitabu vya hadithi, lakini vitabu haviendi nyumbani kwa hofu ya kupotea. Mjini Kericho iko maktaba ya umma. Serikali inao walimu wa elimu ya watu wazima, ile ambayo tangu kampeni kubwa ya mwaka 1979 wengi wetu tunaiita ngumbaru. Yote hayo yapo, lakini kila kimoja kimesimama peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunapendekeza nini basi? Si jambo kubwa. Jioni moja kwa juma, kanisa lifunguliwe kwa saa moja. Mwalimu mkuu aombwe vitabu ishirini, na wazee wa kanisa waweke sahihi kuvidhamini. Mwalimu wa ngumbaru aalikwe. Akina mama wa Umoja walete taa ya jua na chai ya kopo moja kila mtu. Mzazi aje na mtoto wake, hata bibi aje na mjukuu, na wasiojua wakae pamoja na wanaojua bila kuulizwa swali mbele ya watu. Robo tatu ya saa wasome wawili wawili. Robo iliyobaki asomewe kila mtu habari moja ya Injili, na watoto waulize maswali. Na sisi viongozi tusimwite mtu tena asome mbele ya ushirika kabla hatujamwuliza faraghani.

Labda yuko mzee anayesikiliza na kusema, “Mimi nimepitwa na wakati.” Mzee wetu, mkumbuke Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Tena mkumbuke Priscilla Sitienei wa Ndalat, katika nchi ya Wanandi, mkunga aliyekuwa amewazalisha akina mama miaka mingi. Aliingia shule ya msingi mwaka 2010, akaketi darasani na vitukuu vyake mwenyewe, akaendelea kusoma mpaka alipofariki mwaka 2021 akiwa na miaka 99. Yeye hakuona aibu kujifunza mbele ya watoto wake. Nao watoto walijifunza kwake jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Gredi ya Tatu.

Tuirudie sura ya Nehemia tumalize. Watu waliposikia torati walilia. Lakini Nehemia, Ezra na Walawi waliwakataza kulia, wakawaambia waende wale, wanywe, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Na watu wakaenda, wakafanya hivyo kwa furaha, kwa sababu walikuwa wameyaelewa maneno. Tazameni jinsi usomaji ule ulivyoishia. Uliishia katika kugawa. Aliyeelewa alimkumbuka asiyeandaliwa. Katika nyumba zetu na makanisa yetu, yule ambaye hakuandaliwa kitu ni yule ambaye siku ya kusoma ilimpita. Sehemu yake tunayo sisi. Tukila peke yetu, tumeila na ya kwake.

Mtauliza habari za mama yule. Alirudi kanisani. Jioni za kusoma huja na mwanawe, na mtoto hamdanganyi mwalimu tena. Sahihi ya mama huwekwa, ingawa herufi zake huenda zikipanda kilima. Kusoma sura nzima hajaweza. Juzi alitusomea mstari mmoja wa Zaburi, kidole chake kikifuata neno kwa neno, na alipofika mwisho alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mwingine.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewapa watu wako kitabu, ukawapa pia wa kuwasaidia kukielewa, utusamehe sisi tuliowaaibisha wadogo wako. Uwape wazazi ujasiri wa kuketi na watoto wao. Uwaunganishe walimu, wazee na akina mama, wafanye kazi moja. Uifanye kila nyumba katika milima hii kuwa nyumba inayosoma pamoja, hata mkubwa na mdogo wakujue wewe, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.