Hotuba ya Kuwakumbuka Askari wa Mizinga Waliozama Baharini

Machifu, Walimu, na ndugu zetu nyote mliokusanyika,

Leo twawakumbuka askari wa mizinga ambao hawakufika vitani, nao ni wale wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki.

Kazi ya mzinga si nguvu tu. Mzinga mmoja wa ratili 25 huhudumiwa na watu sita. Mmoja akikosea hesabu, kazi ya wote huharibika. Hayo vijana wetu walijifunza kwa bidii.

Mwezi wa Februari, 1944, waliingia katika merikebu Khedive Ismail huko Mombasa, safari ya Colombo. Merikebu ilichukua watu zaidi ya 1,500. Wa rejimenti hiyo walikaribia 1,000. Tarehe 12, upande wa visiwa vya Maldives, I-27, manowari ya Kijapani iendayo chini ya bahari, iliipiga kwa topido. Hazikutimia dakika mbili, merikebu ikazama.

Kisha adui akajificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa zikilinda merikebu nyingine nne zilizojaa watu. Ikawapasa wakubwa wake kuchagua, na mabomu yakatupwa majini kati ya watu wetu. I-27 ilizamishwa, lakini jumla ya waliokufa siku ile ilikuwa watu 1,297, na wauguzi wengi miongoni mwao.

Mwaka ule ule askari wengine wa mizinga wa Afrika ya Mashariki walifika Burma pamoja na Divisheni ya 11, wakapita bonde la Kabaw. Hao twawasifu kwa matendo yao. Na hawa je, ambao hawakupata kumpiga adui hata risasi moja? Sisi twaona kwamba askari huhesabiwa tangu siku alipotoka kwao, wala si tangu siku alipofyatua mzinga.

Aliyefia baharini hana kaburi la kupaliliwa. Mengi ya majina yao yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, lakini si kila mtu aweza kufika huko. Kwa hiyo twawaomba, Machifu, mwaulize wazee kila kijiji ni nani aliyekwenda asirudi. Nanyi Walimu, myaandike majina hayo katika kitabu cha shule, watoto wayasome kila mwaka tarehe 12 Februari.

Sasa tusimame, tunyamaze kidogo kwa ajili yao.