Hotuba ya Kamati ya Hesabu: Tuitazame Mipaka ya Majina Yetu

 

Wenzetu wamekwisha kueleza habari za cherehani, kuku na ada za watoto. Sisi wa hesabu tunalo jambo moja dogo, ila nusura livunje kikundi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Mwaka 2019 tukanunua kompyuta, hesabu tukazihamishia kwenye Excel. Kijana aliyetufundisha alituonyesha njia nzuri: badala ya kuandika N2:N31 ndani ya fomula, visanduku vile vya jumla za wanachama tuvipe jina moja, Akiba. Basi fomula ikawa inasomeka kama maneno ya watu: Faida igawanywe kwa jumla ya Akiba. Tukafurahi kweli.

Januari 2021 wakaingia wenzetu watano, tukawa 35. Tukawaandika chini ya orodha, mstari wa 32 hadi wa 36. Mwaka mzima walileta shilingi 20,000 kila mwezi, sawa na sisi wote. Desemba ikafika siku ya kugawana faida ya mikopo, shilingi 840,000. Kompyuta ikasema kila mmoja apate 28,000. Tukaita majina kwa kufuata orodha. Alipopokea wa 30, sanduku likawa tupu. Wale watano wamekaa mkekani, mikono mitupu!

Jamani, siku ile! Wengine wakanong'ona eti mhazini kala fedha. Wale wapya wakauliza kama kweli wao ni wanachama. Mhazini alilia mbele yetu.

Usiku ule tukarudi kwenye daftari la karatasi. Daftari lilisema akiba ya mwaka ni 8,400,000. Kompyuta ilisema 7,200,000. Zilizopungua ni 1,200,000, yaani akiba ya wale watano, kamili bila senti kupotea. Kumbe jina Akiba lilikuwa bado linaishia mstari wa 31! Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alistahili 24,000. Wiki iliyofuata sisi 30 tukarudisha 4,000 kila mtu, zikatimia 120,000, tukawakabidhi wenzetu pamoja na samahani zetu. Mhazini naye tulimwomba radhi mbele ya mkutano.

Tangu hapo tunafuata utaratibu huu, na tunauacha hapa kwa watakaotupokea kazi:

Kwanza, mwanachama mpya haandikwi chini ya mstari wa mwisho. Tunaingiza mstari katikati ya orodha, na eneo lenye jina linapanuka lenyewe.

Pili, kabla ya mgao tunabonyeza Ctrl na F3 kwa pamoja. Linafunguka dirisha lenye majina yote na mipaka yake. Tunachagua jina, tunabofya sanduku la mipaka lililo chini, na eneo lenyewe linazungushiwa alama kwenye ukurasa. Hapo kila mtu anajionea kama jina lake limo.

Tatu, mipaka ikiwa na kosa tunairekebisha mle mle. Ila tahadhari: ukigusa vitufe vya mishale, kompyuta inachomeka anwani za visanduku usizozitaka. Bonyeza F2 kwanza, ndipo mishale itembee ndani ya maandishi.

Nne, jina likibadilishwa kwenye dirisha hilo, fomula zinabadilika zenyewe. Lakini likifutwa, fomula zilizolitumia zinatoa #NAME? badala ya jibu. Kwa hiyo hatufuti kabla ya kujua nani analitegemea.

Tano, jina halina nafasi katikati, wala lisifanane na anwani ya kisanduku. Tulijaribu MEI25 kwa ajili ya mwezi wa Mei, likakataliwa, maana safu ya MEI ipo kweli na ina mstari wa 25. Mei_25 likakubaliwa.

Mwisho, jumla ya kompyuta inalinganishwa na daftari la karatasi mbele ya watu wawili, na mmoja wao awe mwanachama mpya.

Akina mama wenzetu, kuitwa mwanachama peke yake hakutoshi. Tukimpokea mtu kwa vigelegele mlangoni, na katika hesabu tumfungulie mlango, asije akakaa mkekani mikono mitupu wakati jasho lake limo sandukuni.